Nani Atanizika Njombe?

"Wewe ndiye yule binti wa Tanga?"

Nilikuwa nimeinamia beseni la viazi, nyuma ya nyumba yenye msiba, kisu mkononi na vidole vimekufa ganzi kwa maji ya baridi. Mzee mmoja alikuwa amekuja jikoni kuchukua makaa ya kuwashia moto upande wa wanaume. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasimama pale pale na koleo lake.

"Tanga ipi?"

"Korogwe, mzee."

"Eeh. Baba yangu alikwenda huko. Kwenye mkonge. Hakurudi."

Sikujua niseme nini, nikasema pole. Pole ya kitu kilichotokea kabla mama yangu hajazaliwa.

"Sasa huko kwenu," akaniuliza, kwa sauti ile ile ambayo mtu huulizia bei ya mbolea, "nani alimzika?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Ulizia basi," akaondoka na makaa yake.

Mama aliyekaa kando yangu akaniambia nisijali, mzee huyo huwauliza hivyo watu wote wanaotoka Tanga. Lakini mimi nimelijali. Wiki kadhaa sasa swali hilo limenikaa kichwani, kazini, njiani, hata usiku ninapovuta blanketi la pili. Naandika ili nione kama litapungua.

Utazoea

Ukipangiwa kazi Nyanda za Juu Kusini na wewe ni mtu wa joto, neno utakalolisikia kuliko yote ni hilo. Utazoea. Afisa utumishi alilisema akipiga muhuri. Kondakta alilisema tulipopita Makambako, dirisha limeanza kuingiza upepo wa namna nyingine kabisa. Mama alilisema kwenye simu, ingawa yeye Njombe hajawahi kuiona.

Na kweli, mengi nimeyazoea. Baridi ya Juni na Julai ina dawa zake: soksi, sweta, maji ya moto, na kutokuwa na haraka ya kutoka kitandani. Nazi huku inasafiri mbali kabla ya kufika sokoni, kwa hiyo nimejifunza kula maharage yasiyo na tui na nimeacha kuyasema vibaya. Viazi vya huku sina neno navyo. Parachichi tunakula mpaka tunagawa. Nimejua kusema "kamwene", salamu ya Wabena wa huku, kabla sijauliza bei, na nimeona bei inavyolegea.

Hayo yote ni mepesi. Mtu mwenye mshahara na sweta anayaweza.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba unaweza kuishi mahali muda mrefu, ukaenda kazini na kurudi, ukalipa kodi kwa wakati, na bado usiwepo. Mimi ni mteknolojia wa maabara. Kazini najulikana kwa dirisha ninalopokelea sampuli. Watu wanaokuja kwangu wanaumwa, wana wasiwasi, hawana sababu ya kuukumbuka uso wangu. Jioni narudi chumbani, nafunga mlango kwa sababu ya upepo, basi. Kuna usiku mmoja wa Ijumaa nilipata homa kali, nikiwa nimelala nikapiga hesabu: nikizidiwa sasa, nani atajua kabla ya Jumatatu?

Jibu lilikuwa mtu mmoja. Mama mwenye nyumba.

Huyu mama ana tabia moja ambayo mwanzoni ilinikera. Kila usiku wa baridi, kabla hajalala, hugonga dirisha langu. "Binti, jiko limetoka?" Anamaanisha jiko la mkaa. Huku watu hupasha vyumba joto kwa jiko, na ukilala nalo mlango umefungwa, unaweza usiamke. Mimi najua kwa nini. Nimesoma darasani kwamba kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na kwamba hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili ya oksijeni, kwa hiyo mtu anakosa hewa huku anapumua. Yeye hakusoma hayo. Yeye amezika watu.

Kwa hiyo hugonga, na hatoki dirishani mpaka nimejibu. Nikiwa nimechoka namjibu kwa mkato. Anagonga tena kesho.

Daftari la balozi

Msiba wangu wa kwanza hapa ulinijia kwa njia ya daftari. Balozi wetu wa nyumba kumi alibisha hodi Jumamosi asubuhi, akafungua ukurasa wenye mistari iliyochorwa kwa rula, akaniambia kuna mzazi wetu ametutoka nyumba ya juu ya kisima. Kila kaya elfu mbili na unga kilo moja.

Nikamwuliza marehemu ni nani. Akanieleza, lakini maelezo yake yote yalitumia watu nisiowajua: mama yake fulani, aliyekuwa akiuza mkaa karibu na fulani. Nikatoa elfu mbili. Kwenye daftari, mahali pa jina, nilikuta ameshaandika "Mpangaji, uani."

Nitasema ukweli wangu: nilihesabu. Ukoo wetu una grupu la WhatsApp ambalo kazi yake kubwa ni michango. Harusi, hitima, mtoto wa shangazi kafaulu, mjomba kavunjika mguu. Mshahara wa mtu anayeanza kazi unagawanywa kabla haujaingia. Sasa na huku tena? Nani kaamua kwamba nikihama, madeni ya nyumbani hayapungui ila ya ugenini yanaanza?

Wapo wafanyakazi wenzangu wageni walioweka mpaka. Hutuma mchango kwa simu na hawaendi. Mmoja aliniambia kwamba yeye hapa yuko kazini, nyumbani kwao ni Kagera, na moyo haugawanyiki. Simlaumu. Rafiki yangu aliyepangiwa Mbeya mjini ananicheka kabisa. Anasema kule Mwanjelwa unaweza kupotelea sokoni hata balozi asikupate. Labda. Njombe ni mji mdogo, na mtaa wetu ni mdogo zaidi.

Mimi nilikwenda kwa sababu mama mwenye nyumba hakuniuliza kama naenda. Alisimama mlangoni akasema, "Chukua kanga na kisu."

Tunasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa jembe. Nilionyeshwa gunia la viazi.

Na pale kwenye viazi nikaona jambo. Hakuna aliyeniuliza kabila wala dini wala nimesoma wapi. Waliuliza unakaa kwa nani. Nikajibu, basi, ikatosha. Wakaniambia namenya ganda nene sana, natupa chakula. Wakanionyesha. Mama mmoja alinivua kisu changu akanipa chake, kwamba hiki cha kwako ni cha kukatia nyanya. Siku iliyofuata nilipita sokoni na sauti ikaniita kutoka nyuma ya lundo la kabichi: "Wewe wa ganda nene!" Nimekaa Njombe miezi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitwa na mtu ambaye si mgonjwa wala mkuu wangu wa kazi.

Sijui niseme nilifurahi. Nilishtuka kwanza.

Barabara ilikuwepo zamani

Sasa turudi kwa mzee na swali lake.

Sisi watoto wa Korogwe tumekua na mkonge machoni. Mistari iliyonyooka mpaka kwenye milima, na katikati yake kambi: nyumba za safu, bomba moja, watu waliotoka mbali. Shuleni historia yake tulifundishwa kama orodha ya mitihani. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, akaleta miche. Mashamba yakapanuka, wenyeji wa Tanga hawakutaka kazi ile kwa malipo yale, wakaletwa watu kutoka bara. Manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kutafuta vibarua, SILABU, kikafika mpaka Njombe na kwingineko kuchukua wanaume kwa mikataba. Kila mmoja alipewa kipande chenye nafasi 30. Siku ukimaliza kazi inatiwa alama, na mshahara hauji mpaka kipande kijae. Siku uliyougua haikuhesabiwa.

Nilijua hayo yote. Nilipata alama nzuri. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba kila aliyekuwa kwenye lori lile aliacha mlango wa nyumba upande wa huku, na kwamba milango hiyo bado ipo, na nyuma ya mmoja kuna mzee anayechukua makaa msibani.

Kwetu tuliwaita watu wa kambini. Darasani nilikaa dawati moja na msichana ambaye ubini wake, nimekuja kuukuta umeandikwa kwenye vibao vya maduka hapa Njombe. Babu yake alizaliwa labda kilima kimoja kutoka hapa ninapoandika. Hatukuwahi kumwuliza. Kwetu alikuwa wa kambini, na wa kambini wana mambo yao.

Sijilinganishi nao. Mimi nilikuja na barua ya ajira na posho ya kujikimu, na nikitaka kumwona mama, basi la alfajiri lipo, ingawa ni karibu kilomita 800 na magoti hayasahau. Wao walikuja na blanketi. Hata hivyo ni barabara ile ile, inapandwa na kushukwa, na swali la mwisho wake ni moja.

Nikampigia mama.

"Watu wa kambini walipokufa, nani alikuwa anawazika?"

Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama niko salama. Nikamweleza habari ya mzee. Akasema yeye aliyakuta yamepungua, ila babu alikuwa akisimulia. Walizikana wenyewe. Wabena na chama chao, Wangoni na chao, wanachanga, wananunua sanda au mbao, wanachimba. Makaburi yalikuwa pembeni ya shamba, mahali ambapo mkonge haukupandwa kwa sababu ya mawe. Na jina la marehemu, kama alikuwa mgeni wa juzi na hakuna anayetoka kijiji chake, lilisomwa kwenye kipande.

"Babu yako alikwenda mara nyingine kuchimba," mama akasema. "Shamba lake lilipakana nao. Usingeweza kusikia wanachimba ukaendelea na kahawa yako."

Kisha akaniuliza: "Na wewe huko, jina lako wanalijua?"

Nikaikumbuka ile "Mpangaji, uani." Nikamwambia wanalijua.

Kumpelekea mzee jibu

Nilichelewa kwenda. Nilikuwa na shaka moja ambayo bado ninayo: nilichokipata si jibu. Mama alinipa habari za watu kwa jumla, na mzee ana baba mmoja. Korogwe ina mashamba mengi. Pengine baba yake hakufika hata Korogwe, alishushwa njiani Kilosa au alikwenda Muheza. Kwa mtu wa hapa kote huko ni Tanga. Pengine hakufa kijana. Wengi hawakurudi kwa sababu tu walioa, wakalima, wakazeeka. Nikimwambia "walimzika vizuri," nitakuwa namuuzia kitu nisicho nacho.

Nilimkuta uani kwake akipanga mbao za misindano. Nikakaa. Nikamwambia nilichoambiwa, hivyo hivyo kilivyo, na kwamba simjui baba yake wala simjui aliyemjua. Nikamwambia palikuwa na chama cha Wabena. Nikamwambia babu yangu alikuwa akienda kuchimba mara nyingine.

Akafikiri.

"Udongo wa huko ni mgumu?"

"Kiangazi ni mgumu sana, mzee. Na mawe."

"Basi babu yako alitoka jasho."

Hilo lilimpendeza, niliona. Akarudi kwenye mbao zake, akapanga mbili tatu, kisha akasema tena bila kunitazama: "Au alioa." Nikasema inawezekana. "Kama alioa, basi mimi nina ndugu huko. Na wewe umetoka huko. Pengine wewe ni mtoto wa ndugu yangu, na unakuja kwangu mikono mitupu, hata sukari hukuleta."

Tukacheka. Sukari nimeshaipeleka. Tangu siku hiyo ananiita mtoto wa kaka, mbele za watu, na wapo ambao sasa wanaamini.

Nimejiuliza kama nilimtuliza au nilijituliza. Mtu akiuliza nani alimzika baba yangu, nadhani anauliza kama palikuwa na mtu aliyeacha shughuli zake. Hiyo elfu mbili ya balozi, zile kelele za jiko dirishani, kisu nilichonyang'anywa: nilikuwa nimevihesabu kama gharama za kuishi ugenini, juu ya kodi na umeme. Mwajiri wangu ana utaratibu wake; mtumishi wa umma akifariki kazini kuna jeneza na gari la kusafirisha mwili. Mimi hapo sina wasiwasi. Lakini gari hilo halitatoka mpaka mtu awe amegonga mlango, akasukuma, akaona.

Kifungu cha jeneza

Nimejiunga na kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa. Nilikwenda mwenyewe kuomba, na kiingilio nimelipa kwa awamu.

Mnaovijua vikundi hivi mnajua vina katiba ndefu kuliko ya vyama vya siasa. Chetu kina kurasa zilizochapwa, zenye vifungu vya wategemezi, wakwe, faini ya kuchelewa, faini ya kuchelewa na kutoa udhuru wa uongo. Sherehe yangu ya kukaribishwa ilikwama kwenye kifungu cha jeneza. Kikundi humnunulia mwanachama jeneza. Mimi ni Mwislamu.

Katibu akauliza nataka jeneza la aina gani. Nikaeleza kwamba sisi tunazikwa kwa sanda, mwili unawekwa kwenye mwanandani, lile shimo dogo la ndani ya kaburi, na kuzibwa kwa mbao, na jeneza la msikiti hubeba tu, kisha linarudi.

"Linarudi?" akauliza mweka hazina.

"Linarudi msikitini."

Ukumbi mzima ukageuka. Mweka hazina akataka kujua kwa nini wanachama wote wasifanyiwe hivyo, maana fedha za majeneza zinatumaliza. Mama mmoja wa kwaya akamwambia aache mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe wakaandika kwa kalamu pembeni ya kifungu: mwanachama Mwislamu, sanda na mbao, na fedha inayobaki ipewe familia. Kuhusu kuosha, mama mwenye nyumba alisema atakwenda yeye kuwaita wanawake wa msikitini, na kama atazuiwa kuingia atasubiri nje. Alisema hivyo kama mtu anayejitolea kuleta sufuria. Mimi nimekaa palepale, mzima, nikisikiliza wanavyogawana kazi za mwili wangu. Ajabu ni kwamba usiku ule nilipata usingizi mzuri.

Tatizo likaja kwenye fomu. Kuna mstari unaosema: mahali pa kuzikwa.

Wenzangu wengi wameandika majina ya vijiji vyao bila kufikiri, Lupembe, Uwemba, Igominyi. Mimi kalamu ilisimama. Mama anataka nirudishwe Korogwe. Nilipomgusia tu alianza kulia, akaniuliza huko nimekwenda kufanya kazi au kufa. Dini yangu inanihimiza kuzikwa mapema, na masheikh wetu wengi hupendelea mtu azikwe alipofia; kilomita 800 juu ya lori la baridi si mapema. Halafu nipo mimi mwenyewe, ambaye nimeomba uhamisho wa kubadilishana na mtu wa Handeni, maombi yapo ofisini, na sijayaondoa.

Nikamwomba katibu anipe muda mpaka kikao kijacho. Akasema hakuna shida, ila kuchelewesha fomu kuna faini, shilingi elfu moja kila kikao.

Naendelea kuilipa.